Alama ya Kidole

Kijana wa kibanda cha laini, pale stendi ya Tukuyu,
alinishika kidole cha shahada akakikandamiza kiooni.
"Jaribu tena," ikasema mashine.
Tukajaribu cha kati. Cha pete. Gumba.
Akapangusa kioo kwa pindo la fulana,
akapangusa na kidole changu, kana kwamba kosa ni la mvua.
"Dada, mikono hii unaifanyia kazi gani?"

Ningeweza kumwambia: klorini.
Ndoo ya alfajiri, ndoo ya adhuhuri, ndoo ya usiku,
kabla ya kila kitanda na baada ya kila kitanda,
na vitanda vilikuwa kumi na vinne
mpaka tulipoanza kutandika magodoro sakafuni.
Mistari niliyozaliwa nayo imekwenda na maji,
kwa mfereji wa nyuma ya maabara, hadi migombani.
Pengine mtu ameshaila kwenye ndizi.

Nilisema: "Nafua."

Ningekuwa mgonjwa wangu mwenyewe ningeandika:
mwanamke, miaka thelathini na mmoja, analalamika —
hapana, halalamiki, nalo liandikwe.
Kichwa kinamgonga upande wa kushoto tangu Jumapili ya Mitende.
Nyuma ya masikio vidonda, pale uzi wa barakoa unapokaa.
Moyo hutimka saa tisa usiku, hata akiwa kwake kitandani,
kwa sababu ya ukimya tu:
ukimya ndio sauti ya mtungi wa oksijeni ulioisha.
Anasaga meno. Mumewe anasema ni panya ndani ya gunia la mahindi,
kisha anageukia ukutani, naye amechoka.
Nywele zinabaki kwenye kitana.
Hedhi haijaja miezi miwili na si mimba,
alijipima kwa kipimo cha wodi, akakilipia.

Lutufyo, aliyetuchekesha kwa kuiga mwendo wa matroni,
nilimkuta stoo ya mashuka, ameketi juu ya furushi
na gauni lake la plastiki, anautazama mkono wa kushoto.
"Umekufa ganzi," alisema. "Tangu yule mwalimu wa Ikuti."
Nikampima presha. Zikatoka namba
ambazo kwa mgonjwa tungemwita daktari mbio.
Tulitazamana.
Akashusha mkono wa shati, akafunga kifungo.
Huko nje mtu akaita, "Nesi!"
tukainuka wote wawili.

Mganga hajigangi, walisema.
Hawakusema nani amgange,
wala foleni yake inaanzia dirisha lipi.

Mama yangu alichuma chai miaka ishirini na sita.
Siku ya kuandikisha vitambulisho mashine ilimkataa naye.
Akawaonyesha viganja, vyeusi kwa utomvu, laini kama sabuni iliyotumika:
"Alama zangu mlishazinywa, wanangu.
Mlitia na sukari."
Ukumbi mzima wa kata ulicheka.
Mimi nilikuwa darasa la sita, niliona aibu.
Leo ndiye niliyetaka kumtumia hela, na laini imefungwa.

"Rudi wiki ijayo," kijana alisema, "labda zitakuwa zimeota."

Usiku ule ukungu ulishuka kutoka Rungwe ukaingia mpaka varanda,
taa zikawa viini vya mayai.
Nikavaa gauni, barakoa, miwani, glavu mbili mbili,
nikawa yeyote.
Kitanda cha tisa Bibi Syabumi alinyoosha mkono,
akanishika vidole, akavibinya kimoja kimoja
kama anayechagua maharage.
"Ni wewe," alisema kati ya pumzi mbili. "Wewe wa jana."

Jana ilikuwa zamu ya Tupokigwe.
Mimi jana nilikuwa nyumbani, nimelala chini jikoni
kwa kuwa sakafu ilikuwa baridi na kichwa kiliipenda.

Sikumsahihisha.
Nilivuta ndoo, nikaigeuza, nikaikalia,
nikamwachia mkono.